Maana ya 鹿: ayala katika maandishi ya Kichina

Alama 鹿 husomwa *lu*, kwa sauti ya kushuka. Mnyama wake huku kwetu hayupo. Kulungu tunayemtaja tukitafsiri ni ndugu wa swala, na pembe zake hadondoshi. Huyu wa Uchina, dume lake lina pembe zenye matawi, zinazoanguka kila mwaka zikaota upya. Biblia humwita ayala, basi nami nitashika hilo.

Kwenye mifupa ya kupigia ramli ya enzi ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, 鹿 ni mchoro mtupu: pembe, jicho, miguu. Leo huandikwa kwa mipigo 11, na ile 比 iliyo chini ndiyo kwato.

Ukisoma Kichina cha kale ukakutana na ayala, usikimbilie kufikiria nyama. Mara nyingi anayewindwa ni ufalme. Kuai Tong alimshauri jemadari Han Xin aasi. Njama ilipojulikana, Liu Bang, mfalme wa kwanza wa enzi ya Han iliyofuata ile ya Qin, akaamuru Kuai Tong achemshwe akiwa hai. Akajitetea: Qin walimpoteza ayala wao, dunia nzima ikamkimbiza, na mwenye mbio kuliko wote ndiye aliyempata, utawachemsha wote waliokimbia? Akasamehewa. Tangu hapo 逐鹿, "kumfukuza ayala", ni kugombea madaraka, na magazeti ya Uchina bado huandika hivyo hata kwa mashindano ya michezo.

Qin yenyewe ina kisa chake. Mwaka 207 KK waziri Zhao Gao alimleta ayala mbele ya mfalme akasema, huyu ni farasi. Mfalme akacheka, akawauliza waliokuwapo. Wengine kimya, wengine wakasema farasi, wachache wakasema ni ayala. Hao wachache Zhao Gao akawashughulikia baadaye. Msemo 指鹿為馬, "kumwonyesha ayala ukamwita farasi", haumaanishi kukosea. Ni uongo wa mwenye nguvu, anayejua kuwa nawe unajua.

Kuna maana nyingine kavu: katika maandiko fulani 鹿 ni ghala la nafaka la pembe nne. Ukilazimisha ayala hapo, sentensi haisomeki. Tena sauti *lu* ni ile ile ya 祿, mshahara wa afisa wa serikali, ndiyo maana ayala hujaa kwenye picha za kutakiana heri.

Ninayempenda mimi ni ayala wa Kitabu cha Nyimbo, mkusanyo wa kale wa mashairi ya Kichina. Analia *youyou* nyikani akila majani, huku mwenyeji akiwapigia wageni wake ala za nyuzi. Ni ayala wa ukarimu. Kuanzia enzi ya Tang, karamu ya waliofaulu mitihani ya serikali ilichukua jina lake. Katika ubeti wa pili anakula 蒿, majani ya jamii ya pakanga. Baba mmoja wa Ningbo alichota humo jina la bintiye aliyezaliwa 1930: Tu Youyou. Binti huyo ndiye aliyeongoza utafiti uliotoa artemisinini, dawa ya malaria, kwenye mmea wa jamii hiyo hiyo, akapata Tuzo ya Nobel 2015. Ukimeza dawa mseto ya malaria, umemeza kazi yake.

Na pwani yetu imo. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea Yongle, mfalme wa Uchina, twiga. Watu wa ikulu wakamwita *qilin*, mnyama wa baraka wa hadithi za kale, na jina hilo, 麒麟, lina 鹿 upande wa kushoto wa kila alama. Wajapani mpaka leo humwita twiga *kirin*. Wachina wa sasa wameliacha, wanaandika 長頸鹿: ayala mwenye shingo ndefu.