Je, wajua? Ukuta wa nyumba ya kale ya Lamu huonyesha mabinti walipoolewa

Ukiitazama kwa nje nyumba ya mawe katika Mji wa Kale wa Lamu, utadhani ilisimamishwa yote mara moja. Nyingi hazikujengwa hivyo. Zipo zilizoanza karne ya 18 zikiwa za chini tu, kisha zikaongezwa juu na ubavuni, kizazi baada ya kizazi. Basi utajuaje kipi kilitangulia?

Anza kwa kuinua macho. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na mkoko una urefu wake. Ndiyo maana vyumba vya asili ni virefu lakini vyembamba, upana wa kama mita 2.5 hadi 3. Ukikuta chumba kipana kuliko hapo, kuna ukuta uliobomolewa, au chuma na zege vimeingia baadaye. Na ukiona ukutani mstari wa matundu yaliyolingana, yamezibwa au la, hapo palikuwa na vichwa vya boriti za dari ambayo haipo tena.

Kisha tafuta mshono. Mwashi anapojenga kuta mbili kwa pamoja, mawe ya matumbawe hupishana pembeni, yakashikana. Ukuta ulioletwa baadaye huegemezwa tu, na baada ya miaka ufa hushuka wima kutoka juu hadi chini. Chungulia ndani ya ufa huo kwa tochi. Ukiona lipu laini ya chokaa ikiendelea nyuma ya ukuta mpya, umeshapata jibu: uso huo uliwahi kuwa wazi, watu wakiutazama kila siku. Mimi napenda alama hii kuliko zote, maana haihitaji karatasi wala shahidi. Zidaka, yaani vishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta, ni vivyo hivyo. Kidaka kilichokatwa nusu na ngazi kilikuwepo kabla ya ngazi.

Kwa nini mabadiliko yote haya? Kwa desturi ya familia za nyumba za mawe za Lamu, binti akiolewa hupewa nyumba na wazazi wake, na mume ndiye huhamia kwake. Kiwanja kikiwa hakuna, binti hujengewa juu ya paa la wazazi, au ng'ambo ya kichochoro, na chumba cha daraja kiitwacho wikio kikaunganisha nyumba mbili ili wanawake wapite bila kushuka njiani. Simama chini ya wikio uangalie boriti zinapoingia ukutani: kama lipu imetobolewa kuzipisha, wikio ni changa kuliko ukuta ule.

Halafu huja mirathi. Ndugu wakigawana, mlango uliokuwa katikati huzibwa. Gonga ukutani, pale pa mlango wa zamani mara nyingi hulia tofauti.

Ombi langu ni moja: yasome haya yote kabla fundi hajaleta saruji. Chokaa iliyochomwa kwa matumbawe huruhusu unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, chumvi ikajikusanya nyuma yake, na kiraka kinapobanduka huondoka na uso wa jiwe. Mshono, matundu na kidaka kile cha nusu navyo hupotea. Piga picha kwanza, kila ukuta, kisha mketi nazo na bibi, umwulize chumba cha juu kilijengwa kwa ajili ya nani.