Kitasa janja: maana yake, na kinachobadilika unapoacha funguo

Mpangaji anapohama Nkuhungu au Chang'ombe hapa Dodoma, humrudishia mwenye nyumba ufunguo mmoja, pengine miwili. Ni funguo ngapi nyingine zilichongwa kwa fundi wa barabarani, hakuna ajuaye. Njia pekee ya kuwa na uhakika ni kubadilisha kitasa au silinda yake, yaani sehemu inayoingia ufunguo, na kwa mji ambao wapangaji wameongezeka na kupishana hivi tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, wenye nyumba wengi hawafanyi hivyo. Ufunguo ni kitu tu, na aliye nacho mkononi ndiye anayetambuliwa na mlango.

Kitasa janja ni kitasa ambacho ruhusa ya kuingia haikai tena kwenye kipande cha chuma mfukoni, bali huandikwa ndani ya kitasa chenyewe. Inaweza kuandikwa kama alama ya kidole, namba ya siri, kadi au simu. Kwa kuwa imeandikwa, inaweza pia kufutwa, tena bila kumwomba mtu arudishe chochote. Mtaani watu husema kitasa cha kidole au kitasa cha namba. Ni kitu kilekile.

Wengi hudhani kifaa hiki ni mashine inayofungua mlango kwa nguvu zake. Vilivyo vingi si hivyo, na ukilielewa hili utaelewa karibu kila kinachofuata. Kuna bamba la nje lenye sehemu ya kidole na namba, na bamba la ndani lenye betri. Kati yake, ndani ya unene wa mlango, kuna mwili wa chuma wenye ulimi (ncha ya mteremko inayoshika mlango ukisukumwa) na komeo (chuma kinachoufunga kabisa), sawa na wa kitasa cha kawaida. Mkono wa nje haujaungana moja kwa moja na ulimi huo. Katikati kuna klachi. Mtu asiyetambuliwa akiushusha mkono, unashuka bure bila kuvuta chochote. Akitambuliwa, mota ndogo sana husogeza kipini, klachi inashika, na kwa sekunde chache mkono unavuta ulimi kweli. Kazi ya kuvuta anaifanya aliyeshika mkono. Mota imetoa ruhusa tu. Ndiyo maana betri 4 za AA huweza kudumu miezi 6 hadi mwaka kwenye mlango wa familia.

Zipo pia aina ambazo mota husukuma komeo yenyewe. Ni nzuri kutumia, lakini hula umeme zaidi na nyingi huja na betri ya lithiamu ya kuchaji. Na kuna sumaku za umeme zinazofungwa kwenye milango ya ofisi, ambazo watu huzichanganya na vitasa janja. Sumaku hushika mlango kwa muda wote umeme unapopita. Umeme ukikatika na betri ya akiba ikiisha, mlango unaachia. Kitasa janja cha betri hakina uhusiano na umeme wa TANESCO, kwa hiyo giza la mtaa mzima halikifungui wala halikifungi.

Jambo jingine linafuata hapo. Kwa kuwa ulimi na komeo ni chuma kilekile, mlango dhaifu unabaki dhaifu. Fremu iliyolegea ukutani, au bamba la fremu, lile lenye tundu la ulimi, lililoshikwa na skrubu fupi za sentimita 2, haliwezi kuokolewa na alama ya kidole. Anza na skrubu za milimita 75 zinazopita fremu hadi ukutani, zenye plagi zake, ndipo ufikirie kitasa.

Vipimo ndiyo sehemu inayowagharimu watu zaidi, maana kitasa hununuliwa kwa picha na mlango ni wa fundi seremala wa hapa. Pima kwanza unene wa mlango; mlango wa nje wa mbao kwa kawaida huwa kati ya milimita 40 na 50, na maelezo ya kitasa yataje kwamba kinakubali unene huo. Pili, pima kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya shimo la mkono. Vitasa vya mtindo wa Kiingereza, vilivyozoeleka kwetu, vina milimita 44 au 57, wakati vitasa janja vingi vya kuzamisha, yaani vinavyoingia ndani ya unene wa mlango, kutoka China vina 60, na vingine 50. Matundu ya zamani hayatalingana na mapya, hivyo hakikisha bamba jipya ni refu na pana kiasi cha kuyafunika. Tatu, na hili husahaulika, pima upana wa mbao ya wima inayobeba kitasa. Mwili wa kitasa cha milimita 60 huingia ndani karibu milimita 90. Mbao ya wima yenye upana wa milimita 100 itabaki ukuta mwembamba mno, na patasi ikipita karibu na kiungo cha mbao ya kati, mlango wa paneli unaanza kulegea wenyewe baada ya miezi. Kwenye mlango wa namna hiyo tafuta kitasa chenye mwili mfupi zaidi, au kisogeze juu zaidi, mbali na kiungo.

Mlango wa chuma una shida yake. Ukichomelewa kwa bomba la mraba la inchi moja na nusu, nafasi ya ndani haizidi milimita 38, na mwili wa kawaida hauingii kabisa. Tafuta kitasa chembamba cha milango ya alumini ambacho mwili wake unaingia humo, au mchomeleaji atengeneze kisanduku cha bati kwenye mlango. Kisanduku kichomelewe kabla kitasa hakijafungwa. Kuchomelea mlango wenye kitasa janja, hata kurekebisha bawaba tu, kunaweza kuunguza saketi yake, kwa joto au kwa mkondo wa umeme unaopita kwenye chuma. Kikitakiwa kuchomelewa, kitasa kitolewe kwanza.

Kuhusu kununua kutoka nje: kitasa cha mtindo wa Marekani kinahitaji tundu la duara la milimita 54, na mlango ambao tayari umechimbwa shimo refu la kitasa cha kuzamisha hauna pa kukikaza. Vile vya Ulaya vinavyovalishwa kwa ndani na kuuzungusha ufunguo badala yako vinahitaji silinda. Kama ufunguo wako ni ule wa shingo ndefu wenye meno mwishoni, havitafanya kazi.

Hali ya hewa ya Dodoma nayo ina neno. Kuanzia Mei hadi Novemba hewa ni kavu, upepo unabeba vumbi, na ngozi za vidole zinakauka. Kisoma kidole cha kisasa hupima chaji ndogo ya umeme kati yake na mistari ya ngozi. Ngozi kavu au iliyosuguliwa na saruji hukipa picha hafifu, nacho hukataa. Kidole kilichosajiliwa Februari kikianza kukataliwa Agosti, kitasa hakijaharibika. Sajili kidole kilekile mara mbili au tatu kwa pembe tofauti, na sajili kidole cha mkono wa pili. Futa kioo cha kisoma kidole kwa kitambaa laini kikavu kila wiki. Babu na bibi, na mafundi ujenzi, wape kadi au namba tangu mwanzo. Kuwasimamisha mlangoni wakijaribu vidole vyote kumi ni kuwasumbua bure.

Vumbi hilo likikutana na mafuta ndani ya ulimi, linageuka tope linalosaga. Usitie mafuta ya cherehani wala ya injini. Unga wa grafaiti, ule mweusi unaotoka kwenye penseli, unalainisha bila kunasa vumbi.

Mvua zinapoingia, Desemba hadi Aprili, mbao ambayo haikukaushwa vizuri huvimba na mlango kushuka kidogo. Ulimi unagonga kando ya tundu la fremu badala ya kuingia katikati. Kwenye kitasa cha klachi mkono unakuwa mzito. Kwenye kile cha mota, mota inasukuma, inashindwa, inarudia, na betri zinaisha ndani ya wiki chache. Watu hununua betri mpya mara tatu bila kugusa tatizo. Paka chaki ncha ya ulimi, funga mlango, angalia chaki imeacha alama wapi kwenye bamba la fremu, kisha panua tundu upande huo kwa tupa, milimita 2 mara nyingi zinatosha.

Siku ya kufunga, fundi ataanza na karatasi ya kielelezo iliyo ndani ya boksi: inabandikwa mlangoni, matundu yanatobolewa kutoka pande zote mbili ili mbao isichanike, na maganda yote yanapulizwa nje kabla ya kuingiza kitu. Waya unaounganisha bamba la nje na la ndani upite kwenye tundu lake bila kubanwa. Waya uliobanwa hufanya kazi siku ya kwanza kisha hufa skrubu zinapokazwa zaidi. Ulimi ugeuzwe ili mteremko wake utazame upande mlango unakofungia. Kisha kila kitu kijaribiwe mlango ukiwa wazi, mara 20 kwa kidole, namba, kadi na ufunguo wa dharura. Kufunga mlango kabla ya majaribio hayo ndiko kunakowafanya watu wavunje kitasa kipya siku ileile.

Baada ya hapo jambo moja la mazoea: vitasa vingi vya kuzamisha hutaka uinue mkono juu ukishafunga ili komeo itoke. Usipoinua, mlango umeshikwa na ulimi tu, na ulimi usio na kizuizi unaweza kurudishwa kwa kadi ya plastiki.

Kuhusu betri, tumia za alkalini zenye volti 1.5, zote mpya na za aina moja. Za AA za kuchaji za kawaida zina volti 1.2, nne zinatoa 4.8 badala ya 6, na kitasa kitalia kuwa betri zinaisha hata zikiwa zimejaa. Mlio wa onyo ukianza, bado kuna siku kadhaa za kutumia, lakini badilisha siku hiyohiyo. Zikiisha kabisa ukiwa nje, angalia chini ya bamba la nje: kuna tundu la kebo ya simu, au vichwa viwili vya kugusishia betri ya volti 9. Unakipa kitasa umeme kutoka nje, unaweka kidole au namba, unaingia. Namba na vidole havifutiki betri zikiisha. Ufunguo wa dharura upo pia, na mahali pake si kabatini ndani ya nyumba hiyohiyo. Mwachie ndugu au jirani unayemwamini.

Namba ya kiwandani, mara nyingi 123456, ibadilishwe na msimamizi, yaani mwenye mamlaka ya kuongeza na kufuta watumiaji, asajiliwe kabla fundi hajaondoka, kwa sababu vitasa vingi ambavyo havijasajiliwa msimamizi hufunguka kwa kidole cha mtu yeyote. Namba ya tarakimu 4 ina uwezekano 10,000. Ya tarakimu 6 ina 1,000,000. Mwaka wa kuzaliwa usitumike. Vitasa vingi pia vinakubali tarakimu za kujificha: namba yako ikiwa 739125, unaweza kubonyeza 40739125886 na mlango ukafunguka, huku aliyesimama nyuma yako asijue ipi ni ipi. Mara mojamoja futa vitufe, maana vidole vyenye vumbi huacha alama kwenye tarakimu zilezile.

Intaneti si lazima. Bluetooth hutosha kwa simu iliyo mita chache kutoka mlangoni. Waifai inahitajika tu ukitaka kufungua au kuona nani kaingia ukiwa kazini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, au safarini, na vitasa vingi hukubali waifai ya 2.4 GHz pekee. Umeme ukikatika, ruta inazima na ufunguaji wa mbali unasimama, ila kidole na namba vinaendelea.

Faida ambayo wauzaji huitaja mara chache ni ya kutokea. Nyumba zetu nyingi zina grili madirishani, hivyo mlango ndiyo njia pekee moto ukizuka, na wengi hulala wamefunga kwa ufunguo kisha ufunguo ukawekwa pembeni. Kitasa janja kizuri kinafunguka kwa ndani kwa kushusha mkono tu, bila betri, bila namba, gizani. Jaribu hilo kabla ya kulipa. Na ukiendelea kuweka kufuli kwenye mlango wa grili wa mbele, faida hiyo umeifuta.

Kwa nyumba ya kupanga, amueni mapema nani ni msimamizi wa kitasa, kwa sababu msimamizi anaweza kuona kila anayeingia na saa aliyoingia. Alama za vidole ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mpangaji apewe nafasi ya kuchagua namba badala ya kidole. Siku anayohama, vidole, kadi na namba zake zifutwe akiwepo, simu yake iondolewe kwenye programu, kisha ajaribu kufungua mwenyewe mbele ya mwenye nyumba, na mkono ushuke bure.