"I" au "me"? Kitenzi chako cha Kiswahili kinajua

"Tafadhali wasiliana na katibu wangu au mimi." Kwa Kiswahili haina tatizo. Ikigeuzwa Kiingereza, wengi huandika "Please contact my secretary or I", tena kwa kujiamini, maana "I" inasikika kisomi. Ni kosa. Inatakiwa "me".

Kosa hili nalisahihisha kila muhula, na chanzo chake nakijua. Mtoto akisema "Me and Asha went" hukemewa: sema "Asha and I"! Anachobaki nacho si kanuni, ni woga wa "me". Akikua anaikwepa hata mahali pake.

Kiswahili nacho kinatuponza kidogo. "Mimi" na "yeye" havibadiliki, mtu awe anatenda au anatendwa. Lakini tazama kitenzi. Katika "anampenda", a- ndiye apendaye, -m- ndiye apendwaye, na hakuna anayevichanganya. Basi a- ni "he" au "she". -M- ni "him" au "her". Kwenye "mimi" angalia nafasi, kwa kuwa ni- inafanya kazi zote mbili: "ninamwita", "ananiita". Ikitangulia kiambishi cha wakati ni "I", ikikifuata ni "me".

Watu wakiwa wawili, mwondoe mwenzako. "The teacher called Asha and me": toa Asha, inabaki "called me". Nani atasema "called I"?

Baada ya maneno kama "for", "with" na "between", tumia umbo la mtendwa: "between you and me". "Between you and I" utaisikia hata kwa Waingereza wenyewe; usiwafuate.

"You" pekee haina shida kwa mtu, ingawa zamani ilikuwa nayo. Mtenda alikuwa "ye", mtendwa "you". Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inavyo vyote katika mstari mmoja: "ye shall know the truth, and the truth shall make you free". "Ye" ikafa, "you" ikarithi kazi zote.

Kuna "than". "She is taller than me" ndiyo lugha ya kila siku, na binafsi sioni ubaya wake. Baadhi ya wasahihishaji bado hudai "than I". Kwenye mtihani andika "than I am", uwaridhishe wote.