Kikomo cha mishahara NFL: yanayosemwa na hesabu yenyewe

Kikomo ni kiasi cha juu ambacho kila timu ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, inaruhusiwa kuhesabiwa kwa malipo ya wachezaji wake kwa mwaka. Kila Machi, mwaka mpya wa ligi unapofunguliwa, huzuka maneno yaleyale: "Timu fulani imevuka kikomo kwa mamilioni, imekwisha." Siku chache baadaye timu hiyohiyo inasajili nyota, na waliotabiri msiba wanageuza wimbo: "Kumbe kikomo ni kiini macho." Makosa haya mawili ni ndugu. Wote wanadhani kikomo hufuata pesa siku inapotoka benki, na sivyo.

Tuanze na bonasi ya kusaini, maana ukiielewa hiyo mengine yanajifungua yenyewe. Mchezaji anasaini miaka minne. Analipwa bonasi ya dola milioni 20 papo hapo, kisha mishahara ya milioni 2, 8, 10 na 12. Mwaka wa kwanza mfukoni mwake zimeingia milioni 22. Kwenye kikomo, hata hivyo, bonasi hugawanywa sawasawa kwa miaka ya mkataba, mwisho miaka mitano, kwa hiyo timu inahesabiwa milioni 5 za bonasi na 2 za mshahara. Saba tu. Ndivyo Patrick Mahomes alivyosaini mwaka 2020 mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 450, na mwaka huo huo Kansas City wakahesabiwa kwa ajili yake milioni 5 na ushei.

Dhana: "Hachezi vizuri, mfukuzeni tuokoe pesa."

Rudi kwa mchezaji wetu wa mfano. Mwaka wa pili akibaki, anahesabiwa milioni 13: mshahara 8, bonasi 5. Akiachwa, mshahara wa 8 unafutika kama haukudhaminiwa, yaani kama timu haikuahidi kuulipa hata akiachwa, lakini milioni 15 za bonasi ambazo hazijahesabiwa zinaangukia mwaka huo kwa mkupuo. Kumfukuza kumekula milioni 2 zaidi ya kumweka kwenye nafasi ya timu, yaani kiasi kinachobaki chini ya kikomo. Hizo 15 ndizo pesa mfu: zimeshalipwa, zimeshaliwa, lakini bado zinakaa kwenye kiti. Timu inaweza kupunguza uchungu kwa kumwacha baada ya Juni 1, na hapo milioni 5 zinahesabiwa mwaka huu na 10 mwaka unaofuata. Denver walipomwacha Russell Wilson mwaka 2024 walibeba pesa mfu za takriban dola milioni 85, zikagawanywa kwa misimu miwili. Alikwenda kuchezea Pittsburgh huku Denver wakimhesabia zaidi ya vile walivyomhesabia yeyote aliyekuwa akiwachezea.

Dhana: "Nahodha amekubali kupunguziwa mshahara ili aisaidie timu."

Hii hunichekesha kila mwaka. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba mshahara wake umegeuzwa kuwa bonasi. Alikuwa alipwe milioni 20 kidogo kidogo msimu mzima, amebakiwa na miaka mitatu. Timu inaacha 2 kama mshahara, 18 inampa sasa kama bonasi, na bonasi hiyo inahesabiwa milioni 6 kwa kila mwaka. Timu imepata nafasi ya milioni 12 leo. Mchezaji hakupoteza hata senti, amelipwa mapema! Mikataba mingi mikubwa ina kifungu kinachoiruhusu timu kufanya hivyo bila hata kumwomba. Ipo kweli mikataba ya kupunguza malipo, lakini hiyo ni nadra, na kwa kawaida humpata mtu ambaye chaguo lake la pili ni kuachwa.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Zile milioni 12 hazikufutika, zimehamia miaka miwili inayofuata, 6 na 6. Timu nyingine huongeza hata miaka hewa mwishoni mwa mkataba, miaka ambayo kila mtu anajua mchezaji hatacheza, ili bonasi ipate pa kujigawia. Tampa Bay walitumia njia hiyo kwa Tom Brady. Alistaafu Februari 2023, na msimu ule kiasi cha dola milioni 35 kilihesabiwa kwa jina lake, wakati kikomo kizima kilikuwa milioni 224.8. Zaidi ya asilimia 15 ya bajeti, kwa mtu aliyekwisha kutundika daluga.

Je, ni ujinga? Inategemea unamkopea nani. Philadelphia wamekuwa wakikopa hivi kwa miaka mingi, hasa kwa wachezaji vijana ambao bado wanapanda, na Februari 2025 walitwaa Super Bowl, fainali ya ligi. New Orleans walisukuma madeni mbele kwa ajili ya kikosi kilichokuwa kinazeeka. Drew Brees alipostaafu mwaka 2021, misimu minne mfululizo hawakuingia hatua ya mtoano. Njia zao zinafanana sana, umri wa wakopewa haufanani. Na kikomo chenyewe kikipanda, kama kilivyopanda kutoka milioni 34.6 mwaka 1994 hadi 279.2 mwaka 2025, deni la jana huonekana dogo. Ila hakipandi daima: baada ya janga la korona kilishuka kutoka 198.2 hadi 182.5 mwaka 2021, na waliokuwa wamekopa wakaona kilichomtoa kanga manyoya.

Dhana: "Tajiri atalipa faini, atapita." Hapana. Hakuna kodi ya kununua nafasi hapa. Ligi hupitia kila mkataba, na usiokaa ndani ya kikomo haupitishwi. Hata mwaka 2010, ambao haukuwa na kikomo kabisa, Washington na Dallas walirundika malipo kwa namna ambayo ligi iliona ni ujanja. Mwaka 2012 wakanyang'anywa nafasi: Washington milioni 36, Dallas 10.

"Nafasi isiyotumika inapotea": nayo si kweli, huhamishiwa mwaka unaofuata. Lakini mmiliki hawezi kukalia pesa milele, kwani mkataba kati ya ligi na chama cha wachezaji unaitaka kila timu ilipe taslimu angalau asilimia 90 ya kikomo ndani ya vipindi vya miaka mitatu.

Nafuu kubwa kuliko zote haitokani na ujanja wa kalamu, bali na wachezaji wapya, ambao timu huwachagua kwa zamu kila mwaka. Sam Bradford, chaguo la kwanza la mwaka 2010, alidhaminiwa dola milioni 50. Mwaka mmoja baadaye viwango vipya vya wachezaji wapya vikaanza, na Cam Newton, chaguo la kwanza vilevile, akapata milioni 22 kwa miaka minne. Ndiyo maana San Francisco walifika Super Bowl ya Februari 2024 wakiwa na kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) Brock Purdy, chaguo la 262, ambaye mshahara wake wa msimu haukufika hata dola milioni moja.

Na ukisoma mwezi Juni kwamba timu yako ina nafasi ya milioni 5, kumbuka wakati huo wanahesabiwa wachezaji 51 wa gharama ya juu tu. Septemba wanaingia wote 53, majeruhi na kikosi cha mazoezi.