Magazeti ya wiki: yanayosemwa Makoroboi na yaliyotokea kweli

Pale Makoroboi, hapa Mwanza, muuza magazeti huyatandaza chini na kulikandamiza kila moja kwa jiwe, upepo wa ziwa usije ukalipeperusha. Watu tunainama, tunasoma vichwa vya habari, na ubishi unaanza papo hapo. Mengi ninayoyasikia pale kuhusu magazeti huru ya kila wiki si kweli, na inaniuma, kwa sababu walioyatoa waliteseka.

"Gazeti la wiki ni udaku tu"

Ya udaku yapo na yanauzika. Lakini sakata la kitalu cha uwindaji cha Loliondo liliibuliwa na mwandishi Stan Katabalo katika Mfanyakazi, gazeti la chama cha wafanyakazi. Mwaka 1993 mwandishi Jenerali Ulimwengu na wenzake wakaanzisha Rai, uwanja wa makala ndefu za siasa. Nakala moja ilizunguka mtaa mzima hadi karatasi ikalegea.

Wengine husema habari za wiki hufika zimechacha. Kwetu Mwanza ilikuwa kinyume: gazeti la kila siku likichelewa njiani kutoka Dar, limeshapitwa. Makala nzuri ya wiki haikupungukiwa kitu kwa kulala kwenye basi.

"Yaliletwa na vyama vingi"

Mwaka 1992 ulifungua mlango, hilo sikatai. Ila Erica Fiah, Mganda aliyeishi Dar es Salaam, alianza kutoa gazeti la Kwetu mwaka 1937, miaka 17 kabla ya TANU kuzaliwa. Hapa kwetu Kanisa Katoliki lilikuwa na gazeti la Lumuli tangu enzi za mkoloni, jina la Kisukuma lenye maana ya mwanga. Na chuo cha Nyegezi, kilichoanzishwa mwaka 1960 na ambacho leo ndicho SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kimewapika waandishi wengi wa nchi hii. Mwanza haikuwa msomaji tu.

"Mahakama ndiyo iliyoyafungia"

Hili ndilo linalonikera zaidi. Aliyefungia ni waziri wa habari, kwa mamlaka aliyopewa na Sheria ya Magazeti ya 1976, na baadaye Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ikaja na utaratibu wa leseni. MwanaHalisi, la Saed Kubenea, mtu aliyemwagiwa tindikali ofisini kwake Januari 2008, lilifungiwa Julai 2012 bila kikomo. Mahakama Kuu ndiyo iliyolirudisha, mwaka 2015. Mseto likafungiwa miaka mitatu Agosti 2016. Wenyewe wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, wakashinda Juni 2018. Kwa hiyo anayeilaumu mahakama anamlaumu aliyenyoosha mkono kusaidia.

"Adhabu ikiisha, gazeti linarudi"

Mawio lilifungiwa miaka miwili Juni 2017. Leseni yake, pamoja na za MwanaHalisi (lililokuwa limefungiwa tena mwaka 2017), Mseto (licha ya ushindi wake mahakamani) na Tanzania Daima, ilirudishwa na Waziri Nape Nnauye tarehe 10 Februari 2022. Hesabu mwenyewe. Kwa gazeti, muda wote huo maana yake ni waandishi kutafuta kazi nyingine na wasomaji kupoteza mazoea. Pale Makoroboi, chini ya jiwe lake, palishalazwa gazeti la michezo.