Umemwonyesha, Hujamfundisha: Kumsimamia Mwanagenzi Gereji

"Mwalimu, huyu kijana wenu hajui kitu." Ndivyo nilivyopokelewa kwenye gereji moja mjini Morogoro, hata kiti sijapewa. Nilikwenda kumtembelea mwanafunzi wetu wa ufundi magari, akiwa wiki ya tatu ya mafunzo kazini. Asubuhi ile alikuwa amefunga padi mpya za breki za mbele kwenye Toyota ya mteja, akaishusha, akaiwasha ili airudishe nyuma kupisha gari jingine. Alipokanyaga breki, pedeli ilizama mpaka chini. Gari lilisimamishwa na ukuta. Taa ya nyuma ikavunjika. Bahati nzuri hakuna aliyeumia.

Nikamwuliza fundi kama alimfundisha kazi ile. "Nimemwonyesha mara tatu! Alisimama hapa hapa ananiangalia."

Nikamchukua kijana pembeni, nikamwomba anieleze alichokiona mara hizo tatu. Alikumbuka karibu kila kitu. Kulegeza nati gari likiwa bado chini, kupiga jeki, kuweka stendi, kufungua kalipa (kifaa kinachobana padi), kuirudisha ndani pistoni inayosukuma padi, kupachika padi, kukaza. Jambo moja hakulitaja: kukanyaga pedeli mara kadhaa kabla gari halijaondoka, ili pistoni itoke tena ikutane na padi. Hakulitaja kwa sababu hakuliona. Fundi hulifanya akiwa ameshakaa kwenye kiti cha dereva, anaongea na mteja dirishani, na mguu wake uko gizani chini ya usukani. Kwa miaka aliyokaa kwenye kazi, mguu unakwenda wenyewe. Nilipomwuliza, ilibidi afikiri kidogo kabla ya kukubali kwamba, kweli, huwa anafanya hivyo.

Nimekuwa mratibu wa mafunzo kazini kwa muda wa kutosha kujua kwamba malalamiko mengi ya "vijana wa siku hizi hawajui kitu" yana kisa cha namna hii ndani yake. Wavivu wapo, sikatai. Lakini ujuzi ukishaingia mikononi huwa unaondoka mdomoni, na fundi hodari kabisa ndiye anayesahau kusema hatua iliyo ya muhimu kuliko zote.

Wamarekani walikutana na shida hii kwa ukubwa wa kutisha wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanda vyao vya silaha vilipojaa watu ambao hawajawahi kushika mashine. Mwaka 1940 wakaanzisha mpango ulioitwa Training Within Industry, ambao kufikia 1945 ulikuwa umewapitisha wasimamizi zaidi ya milioni moja na nusu. Njia yake ya kufundisha kazi ilikuwa na hatua nne: mwandae mwanafunzi, mwonyeshe, mwache ajaribu, mfuatilie. Ukiisikia hivyo unaona ni jambo la kawaida. Utamu uko kwenye hatua ya tatu, kwa sababu kujaribu huko si mara moja: lazima arudie kazi huku anaeleza kwa mdomo anachofanya na kwa nini anakifanya. Gereji zetu nyingi zina hatua moja na nusu. Tunaonyesha, kisha tunasema "haya, na ile nyingine kafanye wewe."

Ningekuwa na nafasi ya kumpa msimamizi ushauri mmoja tu, ungekuwa huu: usimpe spana kabla hajakusimulia. Mwambie, "Nieleze unakwenda kufanya nini, mwanzo mpaka mwisho." Dakika mbili hazifiki. Kijana wa Morogoro angesimulia mpaka "nakaza tairi, nashusha gari, nawasha," na fundi, hata kama hajui kwamba huwa anakanyaga pedeli, masikio yake yangeshtuka.

Kabla ya hapo kuna kazi ya fundi mwenyewe. Chukua karatasi uandike hatua za kazi unayotaka kumwachia, halafu weka alama pale ambapo kosa halirudi nyuma. Kwenye breki za mbele mimi huweka alama tatu. Ya kwanza ni kabla ya mtu kuingiza mwili chini ya gari: je, gari limekaa juu ya stendi au liko kwenye jeki tu? Jeki ni ya kunyanyua, haijatengenezwa kushikilia uhai wa mtu. Ya pili ni kabla tairi halijarudi: kalipa isiwe imening'inizwa kwenye hozi wakati wa kazi, hozi isiwe imejipinda, oili ya breki isiwe imefurika kwenye kopo pistoni iliporudishwa. Ya tatu ni kabla ya funguo: nati zimekazwa kwa kuvuka, moja hapa na ya pili upande wa pili, kwa mkazo anaoutaka mtengenezaji (Toyota ndogo nyingi ni niutonimita (Nm) 103, na spana ya kupimia mkazo ipo madukani, tusisingizie), kisha pedeli imekanyagwa mpaka imekuwa ngumu.

Kwenye alama hizo mwanagenzi anasimama na kuita. Kokote kwingine, mwache. Hapa ndipo mafundi wengi hushindwa, kwa sababu kumtazama mtu akifungua nati moja kwa dakika nne wakati wewe ungemaliza gurudumu zima kunawasha mikono. Weka mikono mfukoni. Ukimnyang'anya spana kila anapochelewa, atajifunza kuchelewa tu.

Sasa kufoka. Nimesikia mpaka nimechoka kwamba "na sisi tulifundishwa kwa makofi." Tuiangalie kama mafundi, tuache ya huruma. Kijana aliyetukanwa mbele ya wateja kwa kukata bolti leo, kesho akikata nyingine hatakwambia. Ataigandisha kwa gundi, ataipaka grisi, atafunga juu yake. Gari litatoka na familia ndani kuelekea Dodoma, na wewe ndiye uliyeandika risiti. Kwa hiyo siku anapokuja mwenyewe kusema "fundi, nimeharibu," kabla ya lolote mwambie umefanya vizuri kuja kusema. Hasira ikiwepo, isubiri mteja aondoke, na iwe juu ya kazi, isihamie kwa mama yake wala kwa shule aliyosoma.

Kuna mambo mengine mawili ambayo mafundi huyasema kwa sauti ya chini. La kwanza ni kuficha ujuzi. "Nikimpa yote, mwakani anafungua banda mbele yangu." Hofu hiyo ina ukweli, wapo waliofanyiwa. Ila angalia anayeficha anabaki na nini: spanaboi wa miaka minne ambaye bado hawezi kuachiwa injini, na kazi zote nzito zinamrudia mwenyewe. Mpe ujuzi kwa ngazi, na kila ngazi iwe na malipo yake hata kama ni kidogo. Mtu anayeona anapanda hana haraka ya kuondoka.

La pili ni chai. Kutumwa vitumbua si dhambi. Hata mimi nilitumwa, na nilijua kila mama ntilie wa mtaa. Tatizo ni siku ikiisha na hicho ndicho alichofanya. Nikiwatembelea wanafunzi huwaomba wanitajie kazi tatu walizogusa jana kwa mikono yao. Anayekosa hata moja, nakwenda kuongea na bosi.

Kwa wasichana jambo hili linakuja na sura nyingine. Anapokelewa kwa maneno mazuri, "dada yetu karibu," halafu anawekwa mezani kuandika risiti kwa sababu ana mwandiko mzuri. Amekuja kujifunza giaboksi. Mpe ovaroli inayomtosha, sehemu yenye mlango ya kubadilishia nguo, na zamu ya kazi sawa na wenzake. Na msimamizi anayedai "urafiki" ili asaini fomu ajue kwamba rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Huko hakuna mazungumzo ya kifamilia.

Kuhusu kumpa mwanafunzi nauli na chakula, wenye gereji huniambia kumpokea mwanafunzi ni msaada wanautoa. Nawashukuru, lakini si msaada mtupu. Mwajiri mwenye watu kumi na zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, asilimia 3.5 ya mishahara tangu Julai 2023, na sehemu ya fedha hiyo hugharamia vyuo vya ufundi. Umeshachangia mafunzo, yatumie. Na kwa mwanagenzi anayekaa muda mrefu na kukuzalishia, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo namba 208 mwaka 2023 linalotaka awe na mkataba wa maandishi, malipo yanayostahili na ulinzi wa usalama na afya kazini. Nchini pia kuna mwongozo wa uanagenzi tangu 2017. Karatasi moja yenye sahihi ya bosi, kijana na chuo, ikitaja saa za kazi, posho na nani atamtibu akiumia, huzuia ugomvi mwingi.

Nimalizie na daftari la kumbukumbu za kazi, maana hapo ndipo tunapodanganyana zaidi. Nimeshapokea daftari la wiki nane lenye sahihi nane, zote kwa wino mmoja, mkono mmoja, na nina hakika ni jioni moja. "Amejitahidi." "Amejitahidi sana." Mwalimu hawezi kufanya lolote na maneno hayo. Andika kila Ijumaa, mstari mmoja unatosha: amefunga padi za nyuma peke yake, alisahau kuangalia hendibreki. Hapo najua wiki ijayo nimwulize nini.

Na namba ya simu ya mwalimu iko nyuma ya daftari hilo. Kijana akikushinda wiki ya pili, piga wiki ya pili. Mara nyingi tunapigiwa wiki ya saba, tena na mzazi, kijana akiwa ameshafukuzwa na anashinda kijiweni akijifanya yuko kazini.