Zebaki inaondoka kwenye kliniki ya meno: kazi ya chama cha wataalamu kwa Mtwara na Lindi

Novemba 2025, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana huko Geneva kwamba amalgamu ya meno ikome kutumika duniani ifikapo mwaka 2034. Amalgamu ndiyo ile dawa ya kuziba jino yenye rangi ya fedha ambayo watu wazima wengi wanayo kwenye magego. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Iliyobaki ni unga wa fedha, bati na shaba. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2020, kwa hiyo tarehe hii inamhusu tabibu wa meno wa Liwale au Nanyumbu, huku Kusini, kama inavyomhusu daktari bingwa wa Muhimbili. Tofauti ni kwamba wa Muhimbili ana wenzake wa kuwauliza pale koridoni. Wa Liwale mara nyingi yuko peke yake na kiti chake, na huyo ndiye ninayemfikiria zaidi ninapoandika haya kuhusu kazi ya chama cha wataalamu wa meno.

Nianze na sababu, maana habari hii ikimfikia mgonjwa nusunusu itazua hofu bure. Kinachosukuma uamuzi huu zaidi ni mazingira. Zebaki inayomwagwa kwenye sinki la kliniki au kuchomwa pamoja na taka haipotei. Inaingia hewani na majini, vijidudu vya majini vinaibadili kuwa methili-zebaki, aina yenye sumu kali, nayo hujikusanya ndani ya samaki, hasa wale wakubwa wanaokula samaki wenzao, kama papa na jodari. Kwa watu wa Kilwa, Lindi na Mikindani, ambao kitoweo chao kinatoka baharini, hili ni suala la sahani yao. Hata kabla ya kuwekwa ukomo wa 2034, marekebisho ya mkataba ya mwaka 2022 yalielekeza kwamba amalgamu isitumike kwenye meno ya utotoni, kwa watoto wa chini ya miaka 15, wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale mtaalamu anapoona hali ya mgonjwa inalazimu. Umoja wa Ulaya nao uliiacha kuanzia tarehe 1 Januari 2025, ukibakiza ruhusa ya mahitaji maalumu ya kitabibu.

Kwa mgonjwa, mabadiliko haya yanaweza kuonekana kama kubadilisha rangi ya dawa tu. Kwa anayeshika vifaa, ni kujifunza kazi upya. Amalgamu haisumbuliwi sana na mate, haihitaji umeme ili igande, na ukiishindilia vizuri inakaa miaka mingi. Kompoziti, ile dawa ya rangi ya jino, haivumilii unyevu hata kidogo. Jino linapakwa tindikali, linaoshwa, linakaushwa, linapakwa gundi, kisha dawa inawekwa tabaka kwa tabaka, kila moja la milimita 2 hivi, na kila tabaka linagandishwa kwa taa ya bluu. Mate yakipenya katikati ya hatua hizo, dawa haishiki. Taa ikiwa imepungua nguvu, au ncha yake ina mabaki ya dawa, juu panakuwa pagumu na chini panabaki laini. Kwa macho huwezi kuliona hilo. Mgonjwa anashukuru na kuondoka, halafu baada ya miezi kadhaa jino linaoza upya chini ya dawa, na mtaani inasemwa kwamba kuziba meno hakufai, bora kung'oa.

Glasi ayonoma ni dawa nyingine inayochukua nafasi ya amalgamu, na kwa mazingira yetu ndiyo ninayoiamini zaidi kwa matundu madogo na kwa watoto. Inashikamana na jino yenyewe bila gundi, inatoa floridi, madini yanayoimarisha jino, kidogo kidogo, na aina yake ya kawaida inaganda bila taa. Lakini nayo ina masharti yake. Kipimo cha unga na maji yake hakikadiriwi kwa mazoea. Joto la pwani la Desemba linaifanya igande haraka kuliko muda ulioandikwa kwenye boksi, hivyo kioo cha kuchanganyia hupozwa, ila kisipozwe hadi kikatoa umande, kwa sababu matone hayo yanaharibu mchanganyiko. Mambo ya namna hii hayaeleweki kwa kusoma waraka. Yanahitaji mtu akushike mkono mara moja au mbili, uone tofauti, kisha uendelee mwenyewe.

Na hapo ndipo wataalamu wa Tanzania wana haki ya kujivuna. Katikati ya miaka ya 1980, mpango wa afya ya kinywa ulioendeshwa kupitia chuo cha meno cha Dar es Salaam, chini ya Mholanzi Jo Frencken, ulianza kutibu meno yaliyotoboka kwa vifaa vya mkono peke yake: sehemu iliyooza na kulainika inakwanguliwa, tundu linasafishwa, linajazwa dawa inayoshikamana na jino. Hakuna mashine ya kuchonga, hakuna bomba la maji, hakuna umeme. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Njia hiyo, inayojulikana kwa herufi ART (Atraumatic Restorative Treatment, yaani kuziba jino bila kuumiza), ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani kwenye Siku ya Afya Duniani ya mwaka 1994, na leo inafundishwa katika nchi nyingi. Mwaka 2021 shirika hilohilo liliingiza glasi ayonoma, dawa ya mswaki yenye floridi, na floridi ya fedha ya diamini, maji yanayopakwa kwenye jino lililooza ili uozo usiendelee, katika orodha yake ya dawa muhimu. Yaani njia mojawapo inayohitajika sana baada ya zebaki ilianzia hapa nyumbani, kwa ajili ya vijiji kama vya Newala na Ruangwa.

Chama cha wataalamu kinaingia wapi basi? Watu huchanganya chama na Baraza la Madaktari Tanganyika. Baraza ndilo linalosajili na kutoa leseni, chini ya sheria ya mwaka 2017 ya madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi, na linamtaka mtaalamu aonyeshe kuwa anaendelea kujifunza. Chama ni cha wataalamu wenyewe. Hakiwezi kumnyang'anya mtu leseni, na kwa sababu hiyo mtaalamu anaweza kukiambia ukweli: sijawahi kushika taa ya bluu, nifundisheni.

Mafunzo yanayotolewa kwenye hoteli za Dar es Salaam na Dodoma yana faida, lakini hayamfikii huyu ninayemzungumzia. Akiondoka, kiti kinafungwa. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, ndipo watu wa Tandahimba na Masasi wanapopata fedha na kuja na meno yaliyowauma tangu masika. Kumtoa tabibu kituoni wakati huo ni kuwakosesha watu huduma. Masika yenyewe barabara ya Kilwa hukatika, kama ilivyotokea Somanga mwaka 2024. Kwa hiyo nasema wazi kwamba mafunzo ya mabadiliko haya yafanyike Kusini, kati ya Juni na Septemba, katika hospitali zenye viti na wagonjwa halisi: Ligula, Sokoine, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Ndanda. Na yawe ya wote wanaogusa kinywa cha mgonjwa, tangu daktari wa meno hadi tabibu na mteknolojia wa maabara ya meno. Chama kinachowahudumia wenye shahada peke yao kitakuwa kimewaacha nje wanaofanya kazi kubwa wilayani.

Baada ya mafunzo kunahitajika mtu wa kumpigia simu. Kundi la simu la wataalamu wa mikoa hii miwili, lenye daktari bingwa mmoja au wawili wanaojibu kweli, linaweza kuokoa meno mengi. Sharti ni moja: picha ya mgonjwa isitumwe bila ridhaa yake, na isiwe na jina wala sura, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda. Eksirei za kidijitali, zinazoondoa kemikali za kusafishia filamu, zitarahisisha ushauri huo pale zitakapofika.

Kazi nyingine ya chama haionekani na mgonjwa, nayo ni kusemea vifaa na bei. Tabibu aliyefundishwa kompoziti akirudi kituoni akakuta stoo ina amalgamu tu, mafunzo yamekufa. Bohari ya Dawa ina kanda yake Mtwara, na inaleta kinachoombwa. Kama waganga wafawidhi hawajui kwamba glasi ayonoma inaisha muda na kwamba inataka sehemu yenye ubaridi, wataagiza kidogo au wataihifadhi vibaya. Vivyo hivyo, bima ya afya kwa wote inapopangiwa bei zake, lazima mtu aeleze mezani kwamba kuziba jino kwa kompoziti kunachukua muda na vifaa zaidi kuliko amalgamu. Tabibu mmoja hawezi kuisema hoja hiyo akasikika. Chama kinaweza.

Upo pia mzigo wa zebaki ambayo tayari tunayo. Mabaki ya amalgamu, na meno yaliyong'olewa yakiwa na amalgamu ndani, hayatakiwi kwenda kwenye kichomea taka, kwani moto unaigeuza zebaki kuwa mvuke. Yakusanywe kwenye chombo kigumu chenye mfuniko unaobana, kiandikwe, kisubiri utaratibu wa kukusanywa. Chupa za zebaki ya kimiminika zilizosahaulika kabatini ziripotiwe, zisimwagwe. Chama kikitoa mwongozo mfupi wa Kiswahili wa kubandika ukutani, hata mhudumu anayefanya usafi atajua.

Kwa wewe mgonjwa: ukiwa na jino lililozibwa kwa amalgamu na ni zima, liache. Kulitoa bila sababu kunatoa mvuke wa zebaki na kunakwangua sehemu nzuri ya jino. Mtoto akipakwa floridi ya fedha, palipooza patakuwa peusi na patabaki hivyo. Mtaalamu anatakiwa akueleze kabla, nawe uridhie. Ukizibwa kwa glasi ayonoma, usitafune upande huo kwa saa moja angalau. Na dawa ikitoka, usikae nyumbani ukaapa kutorudi. Rudi kwa yuleyule aliyekuziba umwonyeshe, hata kama imepita miezi mitatu, kwa sababu bila kuona dawa iliyoshindwa kushika hatajua kama ni mate, ni taa, au ni kipimo cha unga.